Kabla hujamnunua kamba bapa

Wengi hapa Malindi humpita sokoni wakidhani ni mdudu wa kutupwa. Hana magando, wala hana ndevu ndefu kama kamba koche. Usoni ana vibao viwili vipana mfano wa sepetu, na macho yamekaa kwenye pembe za kichwa. Wataalamu humwita Thenus orientalis. Nyumbani kwangu ni kamba bapa, na watoto humgombania.

Mara ya kwanza nilimnunua vibaya. Ilikuwa adhuhuri, barafu imeshayeyuka, nami nina wageni. Sufuria ilipochemka ikatoka harufu kali kama ya mkojo, na nyama ikamumunyuka kama uji. Nilimwaga yote. Kesho yake shangazi mmoja muuza samaki akanishika mkono: "Mwinue, mwanangu. Mzima hukunja mkia." Kweli, ukiunyoosha anaukunja tena kwa nguvu. Mkia ukining'inia kama kitambaa, mwache. Mpindue pia utazame panapoungana kichwa na mkia. Pakiwa peusi, amelala, yaani si mbichi tena.

Huyu si wa miambani. Hukaa kwenye mchanga na matope, hasa kina cha mita 10 hadi 50. Mchana hujifukia akabakiza macho, usiku hutoka kutafuta chaza na jamaa zake. Kwa hiyo usimpike bila kumsafisha. Mpasue kwa urefu, utoe ule uzi mweusi wa utumbo mkiani, la sivyo utatafuna mchanga.

Nyama karibu yote iko mkiani. Ipake kitunguu saumu, ndimu na chumvi, uilaze juu ya makaa dakika tatu hivi, kisha geuza na umwagie tui zito. Ikishakuwa nyeupe na kuanza kuachana na gamba, epua. Ukizidisha inakuwa mpira.

Nawaomba sana, mwenye mayai chini ya mkia msimnunue, hata kwa bei ya bure. Mayai huwa rangi ya chungwa, yakawa hudhurungi yakikaribia kuanguliwa. Nyavu za kukokota humzoa pamoja na kamba wadogo, na kule Mumbai, India, alikokuwa tele, kufikia 1994 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Mvuvi wangu nilimwambia mwenye mayai simlipii. Siku hizi akimpata yu hai humrudisha majini palepale, kabla ya kugeuza dau.