Maswali na majibu: betri ya boti isiyojaa

Nilinunua betri mpya mwezi uliopita, lakini kila asubuhi mashine yangu ya farasi 40 inagoma kuwaka kwa ufunguo. Je, nimeuziwa betri mbovu? (Msomaji, Mafia)

Inawezekana, ingawa betri husingiziwa kuliko kifaa kingine chochote botini. Kabla ya kurudi dukani kugombana, azima mita ya umeme. Pima betri ambayo imepumzika kwa saa kadhaa: volti 12.6 au zaidi kidogo maana yake imejaa, na volti 12.0 maana yake imekaribia kuisha. Kisha washa mashine kwa kamba, boti ikiwa majini, ongeza mafuta kiasi, na upime tena kwenye vichwa vya betri. Ukisoma kati ya volti 13.5 na 14.5, chaji inafika, na tatizo liko kwenye betri yenyewe au kwenye kitu kinachoinyonya usiku, kama vile pampu ya maji ya ngama (yanayojikusanya chini botini) ambayo swichi yake imeganda. Mita isipopanda hata kidogo, betri hailetewi chochote.

Hapo anza na fyuzi, kisha waya, kwa sababu chumvi huingia ndani ya ganda na kuigeuza shaba kuwa unga wa kijani huku waya kwa nje ukionekana mzima. Mashine ikiwa inanguruma, gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na ya pili mahali waya wa chaji unapotokea injini. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani. Nati za masikio (za kukazwa kwa vidole) zinazobana waya kwenye vichwa vya betri nazo hulegezwa na mtikisiko wa mawimbi, kwa hiyo mimi huziondoa na kuweka nati za kukazwa kwa spana.

Fyuzi ni nzima na waya nimebadilisha, lakini volti hazipandi. Ninunue koili au rektifaya? (Msomaji, Lamu)

Usinunue chochote kabla ya kupima. Koili iliyo chini ya gurudumu la sumaku huzalisha mkondo geu (AC), na rektifaya huugeuza kuwa mkondo mnyoofu (DC) ambao betri inaweza kuupokea. Zima mashine, chomoa waya za koili kutoka kwenye rektifaya, kisha iwashe tena na uzipime waya hizo, mita ikiwa upande wa mkondo geu. Volti zikipanda kadiri kasi inavyoongezeka, koili ni nzima na rektifaya ndiyo iliyoungua. Zisipopanda, koili ndiyo iliyokufa. Jiulize pia kama kuna aliyechomoa betri mashine ikiwa inanguruma, au aliyefunga hasi mahali pa chanya, maana rektifaya mpya itaungua vilevile akirudia.

Betri yangu inachemka na ninaiongezea maji kila wiki. (Msomaji, Tanga)

Pima mashine ikiwa katika kasi kubwa. Ikizidi volti 15, kirekebishi cha volti, kifaa kinachozuia volti zisipande mno, kimeharibika, au mashine yako ni ya zamani isiyokuwa nacho kabisa. Betri inayochemka hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo tu, kwa hiyo acha kisanduku chake wazi kipate hewa na usivute sigara karibu nacho.

Vifaa vyote ni vizima, lakini nikivua dagaa kwa taa betri inaisha. (Msomaji, Kigoma)

Fanya hesabu. Taa zinazokula ampea 4 kwa saa 8 zimemaliza ampea-saa 32. Mashine ndogo nyingi hutoa takriban ampea 6 zikiwa katika kasi kubwa, na katika mwendo wa polepole hutoa kidogo sana. Safari yako ya nusu saa kurudi mwaloni hurudisha ampea-saa 3 tu. Tenga betri ya taa uwe unaichaji nyumbani kwa umeme au sola, na ile ya kuwashia mashine usiiunganishe na taa hata moja.