Jibu: UPS ya kompyuta mbili za nyumbani, umeme unaruka Ujiji

Mkuu, umeuliza ununue UPS gani (lile boksi la betri linaloishikilia kompyuta umeme ukikatika) kwa kompyuta mbili za mezani hapo Ujiji, umesema jioni moja umeme unakatika na kurudi mara tatu na pawa saplai moja (kile kiboksi cha ndani ya kompyuta kinachopokea umeme) imeshaenda na maji, alafu dukani wamekuwekea ya 650 na ya 1200 ukabaki unaziangalia tu. Mimi nipo Mwanga hapa hapa Kigoma, nyumbani nina mashine mbili, moja ya kazi zangu za kuchapa na moja ya watoto, na hadi leo nimeshazika pawa saplai mbili, monita moja na dekoda. Kwaiyo ninayokwambia nimeyalipia ada.

Cha kwanza achana na lile swali la inakaa dakika ngapi. Kila mtu akifika kaunta anauliza hilo na muuzaji anajua kabisa utauliza hilo. Umeme ukikatika mashine inazima, utapoteza kazi ambayo hujaseivu, inauma ila haijafa. Shughuli ipo ukirudi. Ukirudi friji za mtaa mzima na pampu na mafeni yote yanavuta kwa mpigo, taa inafifia, inapanda, inafifia tena, na wewe kompyuta yako ipo ON pale inakunywa kila kinachokuja. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 230, mimi nilishawahi kuweka mita kwenye soketi saa mbili usiku nikasoma 178. Pawa saplai nyingi za kisasa zinaweza kuvumilia mdogo kwa muda, ule unaoruka juu ndo muuaji.

Na kuna ile kubwa yao ambayo watu wengi hawaijui mpaka iwakute. Mwaka juzi mvua za mwezi wa pili, tawi la mwembe liliangukia waya za mtaani, nyutro (waya wa kurudishia umeme) ikakatika, fezi (waya zinazoleta umeme) zikabaki. Mkuu, taa ya sebuleni iliwaka nyeupe kama ya uwanjani, feni ikaanza kulia kama inataka kupaa, nikasikia paa! chini ya meza ikaja harufu ya plastiki iliyoungua, nikakimbilia meini swichi. Baadae fundi akanielewesha, nyutro ya mtaa ikikatika nyumba zilizo kwenye fezi tofauti zinakuwa zimeungana zenyewe kwa zenyewe, na fezi kwa fezi ni volti 400, sasa mwenye vitu vichache vilivyowashwa ndo anakula kubwa zaidi. Mimi jioni ile nilikuwa na taa, feni na kompyuta tu, jirani anapika kwa jiko la umeme. Yeye taa zilififia tu, mimi nikaunguliwa.

Ila kompyuta ilipona. Nilikuwa na UPS ya bei chee kabisa, nikaifungua, ndani pale waya wa ukutani unapoingilia kuna kidude cha bluu duara kama sarafu, kilikuwa kimepasuka katikati na masizi yamepaka mpaka kwenye mfuniko. Kazi ya kile kidude ndo hiyo, umeme ukizidi kinajitoa mhanga. Na kila umeme unaporuka kinachoka kidogo kidogo bila wewe kujua, kwaiyo ile ekstensheni yenye gadi (kinga ya umeme uliozidi, ina kidude hicho hicho) uliyonunua ukiwa chuo na bado inawaka taa yake nyekundu, inawezekana siku hizi ni ekstensheni tu.

Sasa kabla hujatoa hata shilingi ya UPS, angalia erthi, ule waya unaopeleka umeme uliopotea ardhini. Sitanii. Hivyo vidude sehemu ya umeme uliozidi vinautupa kwenye erthi, kama erthi haipo unabaki unazunguka humo humo ndani. Kwangu soketi zote zina matundu matatu, nilikuwa na amani kabisa, siku fundi anafungua ya chumbani tukakuta waya wa kijani umekunjwa vizuri umesukumiwa nyuma ya boksi, haujafungwa popote! Nyumba ya kupanga, aliyefunga alikuwa anabana matumizi. Na nje ile fimbo ya erthi ilikuwa imechomekwa kwenye kifusi kikavu. Fundi akachimba upya, akajaza mkaa uliosagwa na chumvi, akanambia kiangazi niwe namwagia ndoo ya maji mara moja moja. Mwite fundi mwenye mita, usijaribu kupima erthi kwa taa na waya mbili kama wanavyofanya vijana wa mtaani, unaweza kujiua.

Haya, UPS yenyewe. Zile rahisi kabisa umeme wa ukutani unapita moja kwa moja kwenda kwenye kompyuta, UPS inaamka pale umeme ukikatika, ukishuka au ukizidi sana. Kwa umeme unaocheza hizi zinachosha, zinaruka kwenye betri kila dakika, klak klak usiku kucha, na betri inaisha kwa kazi hiyo. Unayotaka wewe imeandikwa AVR kwenye boksi, ina stabilaiza yake ndani, umeme ukishuka inaupandisha na ukipanda inaushusha bila kugusa betri. Kuna za onlaini ambazo muda wote kompyuta inakula umeme uliotengenezwa upya, ni nzuri kuliko zote ila bei yake kwa matumizi ya nyumbani utalia, na feni zake zina kelele.

Namba ya 650 isikutishe wala isikudanganye, hiyo ni VA (volti mara ampea), wati zake ni chini ya hapo, nyingi za 650 zinatoa 360 au 390. Tafuta W kwa nyuma. Kompyuta ya kawaida ya kuchapa na monita bapa inakula kama wati 100 hivi, kama kijana anacheza magemu ina kadi kubwa hesabu ni nyingine. Mimi kwa hali yako ningechukua mbili za 650 zenye AVR, kila mashine na yake, kuliko kutundika zote kwenye moja ya 1200. Ikifa moja bado unafanya kazi.

Printa ya leza usithubutu kuichomeka humo. Nilichomeka, nikapriti karatasi moja ya mtu wa barua ya maombi ya kazi, UPS ikapiga yowe moja ndeeefu ikazima kila kitu na barua ya watu ikapotea. Ile printa inapopasha moto inavuta kama pasi. Ichomeke ukutani kupitia gadi basi.

Betri zake ni zile za risasi, za size hiyo mara nyingi ni volti 12, Ah 7 (Ah ndo kipimo cha chaji inayobeba). Kwenye makaratasi wanasema miaka mitatu mpaka mitano, lakini joto linaziua, na chumba changu ni cha bati bila dari, ya kwanza ilikaa mwaka na miezi minane, ikavimba mpaka kuitoa tulitumia bisibisi kama tunang'oa jino. Usitupe UPS nzima, nunua betri tu. Dukani omba wachomeke taa ya wati 100 wachomoe ukutani, ikizima hapo hapo basi imekaa stoo muda mrefu bila kuchajiwa, mwachie mwenyewe. Na ibebe mkononi, ikiwa nyepesi kama boksi la biskuti nenda duka la pili.

Kajenereta kadogo ka petroli na UPS haviongei lugha moja, kenyewe kanapandisha na kushusha mwendo, UPS inakataa inabaki kwenye betri mpaka inaisha. Nimeshaacha.

Na radi. Mvua hizi za kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, ukisikia inanguruma upande wa ziwani usitegemee UPS, chomoa ukutani, chomoa na waya wa mtandao na wa dishi. Dekoda yangu niliyosema iliungua ikiwa imechomolewa umeme kabisa, radi ilipita kwenye waya wa dishi.

Sasa nenda kafungue hata soketi moja, zima meini kwanza, uangalie huo waya wa kijani kama upo. Alafu nisomee wati zilizoandikwa kwenye pawa saplai ile iliyobaki nzima, na uniambie kama hiyo iliyoungua ilikufa umeme ukikatika au ukirudi.