Vitufe vya mwangaza wa skrini vimegoma baada ya kusasisha Ubuntu

Pole ndugu. Kama vitufe vya sauti vinaitika na vya mwangaza tu ndivyo vimegoma tangu usasishe, basi kibodi ni nzima na kitufe cha Fn hakijajifunga. (Mimi iliwahi kunilia jioni nzima, kumbe nilibonyeza Fn na Esc pamoja bila kujua, Fn ikajifunga!)

Fungua terminali, andika `ls /sys/class/backlight`. Ukikuta acpi_video0 badala ya intel_backlight, huenda kerneli (kiini cha mfumo) imeshika njia isiyofaa ya kudhibiti mwangaza. Hariri faili /etc/default/grub (mipangilio ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo) kwa sudo, yaani kwa haki za msimamizi: kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ongeza `acpi_backlight=native` ndani ya alama za nukuu, baada ya quiet splash; usiyafute hayo. Hifadhi, endesha `sudo update-grub`, kisha washa upya.

Ikigoma bado, jaribu kuwashia kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB.