Paka hatoki nje, utitiri wa masikio umetoka wapi?

SWALI: Daktari, ninaishi ghorofa ya tatu, Upanga, na nina paka jike mweupe wa miaka miwili ambaye hajawahi kutoka nje. Kwa wiki mbili sasa anajikuna masikio usiku kucha na kutikisa kichwa, na ndani ya masikio kuna uchafu mweusi. Nilimtilia mafuta ya nazi, akatulia siku mbili kisha akaanza tena. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo aliniambia kuwa ni utitiri, akaniuzia dawa ya sindano ya ng'ombe na kunielekeza nimdondoshee sikioni, ila sijaitumia. Miezi miwili iliyopita niliokota mtoto wa paka karibu na soko, lakini huyo hajikuni hata kidogo. Paka wa ndani anapataje utitiri, na je, unaweza kumwambukiza mwanangu wa miaka minne?

JIBU: Ndugu msomaji, jibu la swali lako la kwanza umelitoa mwenyewe pale ulipomtaja mtoto wa paka uliyemwokota. Utitiri wa masikio hauruki kama kiroboto wala haupandi ngazi hadi ghorofa ya tatu. Huhama kutoka kwa mnyama mmoja kwenda kwa mwingine wanapolala pamoja na kusuguana vichwa, na watoto wa paka mara nyingi huupata kwa mama yao wangali wananyonya. Kwamba huyo mdogo hajikuni si ushahidi kuwa masikio yake ni salama. Sehemu kubwa ya muwasho hutokana na mzio wa mwili dhidi ya utitiri, na ndiyo maana paka mmoja mwenye utitiri kidogo tu hujikwaruza hadi kutoka damu, ilhali mwenzake aliyejaa hana habari.

Hata hivyo, nisingependa tumwamini muuzaji moja kwa moja, kwa kuwa hakumwona paka. Uchafu wa utitiri kwa kawaida ni mkavu, unamung'unyika, na unafanana sana na machicha yanayobaki chini ya kikombe cha kahawa ya mtaani. Ukiwa na mafuta mafuta, wa rangi ya udongo na wenye harufu ya uchachu, huenda ni fangasi. Ukiwa wa majimaji ya njano yenye kunuka, fikiria bakteria. Mara nyingine hivi vyote hukutana katika sikio moja, kwa sababu ngozi iliyokwaruzwa na utitiri ni mlango wazi kwa vingine, na joto la Dar es Salaam pamoja na unyevunyevu wake havisaidii. Unaweza kujaribu hivi nyumbani: futa kidogo uchafu ulio karibu na mdomo wa sikio kwa pamba, uutandaze juu ya karatasi nyeusi chini ya taa kali, kisha utazame kwa utulivu. Vidoa vyeupe vidogo kuliko punje ya chumvi vikianza kusogea, huo ndio utitiri. Usipoona kitu, usihitimishe kuwa haupo. Daktari wa mifugo ataangalia ndani ya sikio kwa kifaa chenye taa na kuweka uchafu huo chini ya hadubini, na hiyo ni kazi ya dakika chache.

Mafuta ya nazi hayakukudanganya kabisa. Yanalainisha uchafu na huenda yakaukosesha hewa utitiri uliomo, lakini hayaui mayai. Yai huanguliwa baada ya siku nne hivi, na kutoka yai hadi utitiri mkubwa unaotaga huchukua takribani wiki tatu. Kwa hiyo nafuu ya siku mbili inafuatwa na kizazi kipya, na tiba yoyote isiyodumu kwa kipindi hicho chote hugeuka kuwa kuchota maji kwa pakacha.

Kuhusu chupa ya ng'ombe, umefanya vyema kusubiri. Ivamektini ya sindano ya asilimia 1, ambayo huenda ndiyo uliyouziwa, imetengenezwa kwa kipimo cha mililita 1 kwa kila kilo 50 za ng'ombe, na paka wako huenda ana kilo 4 tu. Tofauti kati ya kipimo na sumu inakuwa ni matone, na bomba la kawaida la sindano haliwezi kukupa uhakika huo. Hatari zaidi ni dawa za kupe na viroboto vya mbwa zenye pemetrini, pamoja na dawa za kuogeshea mifugo, kwa kuwa ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja kemikali hizo. Nimewahi kuletewa paka aliyefungwa ndani ya kanga, anatetemeka mwili mzima na mate yanamtoka, saa chache tu baada ya kupakwa dawa ambayo mbwa wa nyumba hiyo aliitumia bila tatizo.

Tiba ninayoipendelea ni dawa ya paka ya kudondoshea kwenye ngozi ya shingo, yenye selamektini au moksidektini, kwa uzito utakaopimwa na daktari. Wape paka wote wawili siku hiyo hiyo, hata huyo asiyejikuna. Ukimtibu mmoja, mwingine atamrudishia. Kwa kawaida dawa hurudiwa baada ya mwezi, kisha masikio huchunguzwa tena. Fua matandiko yao kwa maji ya moto na kuyaanika juani, maana utitiri unaweza kuishi siku kadhaa nje ya mwili wa mnyama.

Usafishaji unahitaji subira kuliko nguvu. Tundu la sikio la paka hushuka chini kwanza, kisha hukunja kona kuelekea ndani ya kichwa. Vijiti vya pamba husukuma uchafu hadi kwenye kona hiyo na kuushindilia. Pasha dawa ya kusafishia kwa kuishika kiganjani, itie sikioni, kanda shina la sikio taratibu hadi usikie mlio wa majimaji, umwachie atikise kichwa (simama mbali kidogo, au uvae nguo ya zamani), kisha ufute kinachotoka kwa pamba uliyozungushia kidole. Lakini akiinamisha kichwa upande mmoja, akiyumba anapotembea au macho yake yakichezacheza, usitie kimiminika chochote, kwa kuwa ngoma ya sikio huenda imepasuka. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo jani la sikio likivimba kama mto mdogo: damu imevilia ndani kwa ajili ya kujikuna.

Na kwa kuwa ni mweupe, tazama pia ncha za masikio yake. Magamba au vidonda visivyopona pale nchani, hasa kama hupenda kuota jua barazani, si dalili za utitiri, bali huenda ni madhara ya jua, ambayo kwa paka weupe yanaweza kugeuka saratani.

Huna sababu ya kumhofia mwanao. Utitiri huu haukai wala kuzaliana kwa binadamu. Mara chache huacha vipele vidogo mikononi kwa anayempakata paka, navyo huisha paka akipona. Kinachoweza kumdhuru mtoto ni ile chupa ya ng'ombe, kwa hiyo irudishe dukani, au iweke kwenye kabati la juu lenye kufuli hadi utakapoirudisha.