Picha Niliyoitupa: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza: "Baba, ulikaa dawati la michezo karibu maisha yako yote ya kazi. Kwa nini mlikuwa mnatudharau sisi watu wa gemu?" Na chini yake ukaongeza kwamba yule mtangazaji wa redio amekualika tena, nawe hujui uende au ukatae.

Kipindi cha kwanza nilikisikiliza. Alikuita uzungumzie kazi yako ya kutangaza mashindano ya gemu, kisha akakuuliza mbele ya wasikilizaji kama wazazi wako wanajua kuwa huna kazi. Niliumia sana. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba swali lile nalijua. Lilizaliwa katika vyumba kama nilichofanyia kazi mimi, na nimelicheka.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Mwaka 2002, Senegal ilipoifunga Ufaransa 1-0 katika mechi ya kufungua Kombe la Dunia, habari ile niliiandika mimi. Nilikuwa nafuta machozi huku naandika. Uwanja ule wa Seoul, wenye paa la umbo la kishada, ulibaki moyoni mwangu kama mahali patakatifu. Basi Oktoba 2014 ikaingia picha nyingine ya uwanja uleule. Watu wapatao 40,000 wamekaa, taa zimezimwa, wote macho kwenye skrini kubwa: fainali ya dunia ya gemu la League of Legends. Kijana wa zamu akaniuliza, "Mzee, hii tuiweke ukurasa gani?" Nikamjibu, "Hiyo si michezo. Wapelekee watu wa burudani." Watu wa burudani nao hawakuitaka. Haikutoka popote.

Sikuuliza nani alishinda. Miaka thelathini ya uandishi, uwanja umejaa, na sikuuliza nani alishinda.

Sikuwa peke yangu. Mwezi mmoja kabla ya picha ile, John Skipper, aliyekuwa rais wa ESPN, kituo kikubwa cha televisheni ya michezo cha Marekani, alisema hadharani kuwa gemu si mchezo, ni mashindano tu kama sataranji na drafti, na kwamba yeye anapenda zaidi kushughulika na michezo ya kweli. Aprili 2015 kituo chake kikaonyesha fainali ya vyuo ya gemu la Heroes of the Storm, na mtangazaji wao Colin Cowherd akasema redioni kuwa siku akilazimishwa kutangaza watu wanaocheza gemu ataacha kazi, ahamie kijiji cha wavuvi akauze chambo. Januari 2016 ESPN hiyohiyo ikafungua dawati la michezo ya kielektroniki, yaani mashindano ya gemu. Novemba 2020 ikalifunga.

Ukituuliza sababu, tungekuambia jasho. Mchezaji amekaa kitini, atakuwaje mwanamichezo? Hoja hiyo haina miguu, na tulijua. ESPN imeonyesha poka kwa saa nyingi, imeonyesha mashindano ya watoto kutaja herufi za maneno, imeonyesha watu wakishindana kula soseji. Hakuna aliyetishia kwenda kuuza chambo. Sisi wenyewe tuliandika habari za mchezo wa vishale na za kulenga shabaha bila kumuuliza mtu jasho lake liko wapi.

Ukweli ni kwamba tulikuwa hatuoni. Mtu asiyejua mpira wa kikapu anaona watu wanakimbia huku na huko. Nilipoanza kazi mimi ndivyo nilivyouona, mpaka mwandishi mmoja mzee akaketi nami mechi nne mfululizo, ananionyesha nani anamzibia nani njia na kwa nini. Wa gemu hakuketi nami mtu, wala sikumtafuta. Skrini ilikuwa imejaa rangi na milipuko, na kwa kuwa sikuelewa kitu, nikaamua hakuna cha kuelewa. Mwandishi wa habari haruhusiwi kufanya hivyo, mwanangu.

Kulikuwa na hofu pia. Soka ilitupitia sisi kuwafikia watu. Ninyi hamkutupitia. Mlikuwa na matangazo yenu kwenye Twitch, mtandao wa kuonyesha gemu moja kwa moja, ambao Amazon iliununua Agosti 2014 kwa karibu dola milioni 970, na watangazaji wenu na wachambuzi wenu wenyewe. Mtu aliyezoea kushika ufunguo wa mlango hawapendi waliojenga nyumba ya pili.

Lakini kuchekwa naona unaweza kuvumilia. Deni letu kubwa kwenu ni kazi tuliyoiacha. Mwaka 2010 wachezaji wa gemu la StarCraft Korea Kusini walinaswa wakipanga matokeo, wakafungiwa maisha. Agosti 2014 timu moja ya Marekani ya gemu la Counter-Strike iliuza mechi, na aliyekuja kuianika Januari 2015 ni Richard Lewis, mwandishi wa gemu. Sisi tuliokuwa na wanasheria, bajeti na uzoefu wa kufukua rushwa ya soka hatukuwepo. Nani alikagua mikataba ya vijana wa miaka 17? Nani aliuliza wanalala saa ngapi?

Na lile gemu la Heroes of the Storm, lililomkasirisha Cowherd? Desemba 2018 kampuni inayolimiliki, Blizzard, ilifuta mashindano yake yote kwa tangazo la mtandaoni. Wapo wachezaji waliolisoma pamoja na umma, wakajua palepale kuwa msimu ujao hawana kazi. Hapo ndipo penye swali gumu kuhusu mchezo wenu, nami nalisema kwa nia njema: soka haina mwenyewe, gemu lina mwenyewe. Anayelimiliki anaweza kubadilisha sheria usiku mmoja au kuzima taa kabisa. Hiyo ni habari kubwa ya michezo, na waliokuwa wanakejeli hawakuwa na nafasi ya kuiandika.

Wenzetu Korea walilimaliza mapema hilo la "mchezo au si mchezo". Lee Sang-hyeok, yule nyota wa gemu anayejulikana kama Faker, alikuwa katika kikosi kilichotwaa dhahabu ya League of Legends katika Michezo ya Asia ya Hangzhou, iliyofanyika 2023. Kwa medali ile akasamehewa utumishi wa lazima wa jeshi, kama Son Heung-min alivyosamehewa kwa dhahabu ya soka ya mwaka 2018. Sheria moja, medali moja.

Sasa, mwaliko. Nenda. Ila usimtajie idadi ya watazamaji wala fedha za zawadi. Watu wa redio nawajua: ukimtajia mamilioni atakuona mfanyabiashara, na moyoni atabaki na neno lake. Mwombe akupe sekunde ishirini za pambano moja. Mweleze mchezaji alikuwa anajua nini wakati ule, alikuwa anakisia nini kuhusu adui asiyemwona, kwa nini alirudi nyuma wakati wenzake wote wanataka kusonga. Litangaze kama unavyolitangaza kazini. Sauti yako inapopanda pale mwishoni, hata mimi nisiyejua nusu ya majina hunyanyuka kitini.

Akikuuliza tena kuhusu wazazi wako, mwambie baba yako alikuwa mhariri wa michezo, na kwamba mwaka 2014 aliitupa picha ya uwanja wa Seoul. Nakuruhusu ulitaje hilo hewani. Nimeshaitafuta picha ile, nimeipata, na safari hii nimeuliza: ilishinda timu ya Samsung White.

Jumapili nipigie kabla hujaenda, uanze na mimi hizo sekunde ishirini.

Baba yako.