Kiasi kinabadilika njiani na Xdebug haisimami: jibu kwa mkuu wa mfumo wa mauzo

Mkuu, ngoja nikujibu kwa kirefu maana ugonjwa huu naujua. Kwa mnaopita: jamaa ana mfumo wa mauzo wa PHP, na kiasi kinachoingia kwenye databezi hakilingani na alichojaza karani, tena ni kwa baadhi ya wateja tu. Logi ya seva kimya. Amejaza var_dump (amri ya kuchapisha thamani kwenye ukurasa) kila kona hadi ukurasa hausomeki, akashauriwa aweke Xdebug, nyongeza ya PHP inayosimamisha programu katikati uikague, ameiweka na haisimami popote.

Nipo Dodoma, na kazi nyingi ninazopata ni za kurithi mifumo ya watu. Msimu mmoja wa zabibu, ule wa mwezi wa nane, niliitwa kuangalia mfumo wa kupokelea mizigo ya wakulima. Karani anapima, anajaza kilo, mkulima anaondoka na risiti. Wenye mashamba madogo hawakuwa na neno. Waliokuwa wanagomba ni wale wakubwa: mzee kaleta zaidi ya tani nzima, orodha ya malipo inasema kilo 1. Aliyekuwa akiutunza mfumo aliwaambia ni mtandao. Huku kwetu mtandao unasingiziwa mengi.

Kabla hujahangaika na Xdebug, bonyeza F12 kwenye kivinjari, fungua Network, jaza fomu, tuma, kisha bofya ombi lililotoka uangalie Payload. Hapo unaona kilichoondoka kwenye kompyuta ya karani kabla PHP haijakigusa. Kama tayari kimeharibika, tatizo liko kwenye JavaScript, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari, na Xdebug huihitaji. Kwa yule mzee niliona 1,250. Ni sahihi kabisa kwa macho, ndiyo maana hakuna aliyeishuku.

Sasa ndipo unaingia upande wa seva. Kwenye VS Code, kihariri cha msimbo, weka ile doti nyekundu pembeni ya mstari wa kwanza unaopokea fomu, tuma tena, programu inaganda hapo. Ukibonyeza F10 inasogea mstari mmoja mmoja, na dirisha la Variables linakuonyesha kila thamani ilivyo kwa wakati huo. Kilo ilikuwa "1,250" hadi tulipovuka mstari huu:

$kilo = (int) $_POST['kilo'];

Ikawa 1. PHP ikiambiwa (int) inasoma maandishi kuanzia kushoto, ikikutana na kitu kisicho tarakimu inaishia hapo na kutupa kilichobaki, bila onyo lolote. Laiti mtu angejumlisha moja kwa moja bila hiyo (int), PHP 8 ingetoa angalau Warning na logi ingesema kitu. Ule mkato uliwekwa na toLocaleString, amri ya JavaScript ya kupamba namba, kwenye fomu, ili namba ipendeze. Na aliyefanya majaribio bila shaka alijaza 50 na 200, namba zisizo na mkato.

Nakisia tatizo lako ni hilohilo au ndugu yake. Angalia kama wateja wanaolalamika wote wana kiasi cha kuanzia 1,000.

Dawa: fomu itume namba tupu, mapambo yabaki kwenye kioo. Kwenye seva tumia filter_var na FILTER_VALIDATE_FLOAT, inayokagua kama maandishi ni namba halali. "1,250" itarudisha false, nawe umrudishie karani ajaze upya. Wengine watakwambia ufute mkato kwa str_replace uendelee. Sikubaliani nao, kuna watu wakiandika 1,5 wanamaanisha moja na nusu, utawapa kilo 15. Rekodi za nyuma hazirekebishiki kwa msimbo, kwa sababu 1 haikumbuki ilikuwa nani. Sisi tulirudi kwenye vitabu vya mizani.

Kuhusu Xdebug kutosimama. Maelekezo mengi mtandaoni bado ni ya toleo la 2, yenye xdebug.remote_enable na poti 9000. Toleo la 3 lilitoka 2020 na likabadilisha majina. Kwenye php.ini, faili la mipangilio ya PHP, weka hivi:

xdebug.mode=debug
xdebug.start_with_request=yes

Poti sasa ni 9003, hakikisha VS Code nayo inasikiliza hapo. Halafu kuna hili linalowapoteza wengi: php.ini inayosomwa ukiwa kwenye terminali mara nyingi siyo inayosomwa na Apache, programu ya seva inayotoa kurasa. Tengeneza ukurasa wenye xdebug_info() tu, uufungue kwa kivinjari, utakuonyesha mipangilio inayotumika kweli. Ukibadilisha, washa upya Apache. Ukiwa unaendesha PHP ndani ya Docker, yaani kwenye kontena lililojitenga na kompyuta yako, ongeza xdebug.client_host=host.docker.internal na uweke pathMappings (ulinganisho wa njia za mafaili ya kontena na ya kwako) kwenye launch.json, faili la mipangilio ya VS Code, la sivyo VS Code haitajua faili la kontena ni lipi kwako na doti yako haitasimamisha kitu.

Yote haya yafanyie kwenye laptopu yako, bando halihitajiki. Usiwashe Xdebug kwenye seva ya wateja. Inapunguza kasi ya PHP waziwazi. Hata kwako, ukishazoea, badilisha yes ya start_with_request iwe trigger, isubiri uiite, ili isishtuke kila ukurasa unapofunguliwa.

Ukishaangalia Payload weka picha hapa tuone, ila ziba majina na namba za simu za wateja. Na useme kama ni Laravel (mfumo tayari wa kujengea programu za PHP) au PHP tupu, maana kwenye Laravel kuna njia fupi zaidi ya kukagua fomu.