Kuota unageuka mnyama halafu sauti haitoki: yaliyonikuta mimi na fisi

Mkuu mleta uzi, pole kwa usiku unaoupitia. Nimesoma bandiko lako mara mbili. Unasema tangu mwezi wa nne unaota unageuka chui, unakimbia vizuri tu, lakini ukitaka kunguruma koo linaziba, unahangaika mpaka unaamka umelowa jasho. Umeuliza kama kuna mtu amekuchezea. Naona wachangiaji kadhaa wameshakwambia utafute mtaalamu haraka kabla mambo hayajawa makubwa. Nakuomba uahirishe hiyo safari mpaka umalize kusoma hapa, maana mimi nilipelekwa, na kilicholipwa siku ile hakikuwa hela peke yake.

Mimi ni mtu wa Meatu, mkoa wa Simiyu, kijiji kisicho mbali na Pori la Akiba la Maswa. Kwetu fisi si mnyama wa kwenye kitabu. Unalala unamsikia. Kwa Kisukuma anaitwa mbiti, na mtoto anakua akijua kwamba mbiti ni wa aina mbili, wa porini na wa watu. Wa watu ndiye anayepandwa na wachawi usiku kama punda, alfajiri anarudishwa. Wengine wanasema mchawi hampandi, anageuka yeye mwenyewe. Haya niliyasikia kabla sijaanza shule.

Ndoto ilianza 1999, nikiwa darasa la sita. Ilikuwa ndoto ileile kila mara. Natoka nje kujisaidia, mbalamwezi inawaka, nainama kuokota kitu, mikono ikigusa ardhi hainyanyuki tena. Mgongo unateremka kwa nyuma, shingo inakuwa nzito. Harufu zinakuja zote kwa pamoja: majivu ya jikoni, maziwa kwenye kibuyu, damu ya mbuzi aliyechinjwa juzi yake. Sikuwa naogopa, na hili nataka ulielewe. Nilikuwa na nguvu ambazo mchana sikuwa nazo. Shida ilikuja pale wenzangu walipoita kutoka ng'ambo ya mto. Walikuwa wanauliza niko wapi, na nilijua wananiuliza mimi. Nainua kichwa juu kama mbwa anavyofanya, nafungua mdomo, hakitoki kitu. Wanaita tena. Nakaza koo mpaka naamka.

Niseme na hili, maana linahusika. Nina kigugumizi tangu nilipoanza kuongea. Maneno yanayoanza na k na p ndiyo yananifunga zaidi. Mwalimu akinisimamisha nisome, neno naliona, nalijua, ila koo linafunga mlango, darasa zima linasubiri. Kwa hiyo kilichonipata ndotoni nilikuwa nakifahamu vizuri mchana.

Mama alipoona naamka nimekaba shingo kwa mikono yangu mwenyewe, alimwambia baba. Nikapelekwa kwa mganga wilaya ya jirani. Alipiga ramli, akasema yupo mwanamke wa upande wa baba, mwenye macho mekundu, amenifanya fisi wake wa kupanda, na amenifunga sauti ili nisimtaje. Hakutaja jina wala hakuhitaji. Tulirudi nyumbani kila mtu akiwa anamfikiria shangazi yangu mkubwa, mjane, aliyekuwa anaishi nyumba ya pili kutoka kwetu.

Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Kule kwetu kuni zimekwisha zamani, watu wanapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Moshi wake unawasha, na mwanamke aliyepuliza moto huo miaka hamsini ndani ya jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho ya namna gani? Lakini mimi nilikuwa na miaka 12 na nilinyamaza. Ningeweza kusema kwamba kwenye ndoto hakuna mtu aliyenipanda, kwamba niko peke yangu na nina furaha mpaka pale sauti inapokataa. Sikusema. Shangazi aliondoka usiku wa wiki ileile na sufuria mbili na khanga alizovaa, akaenda kwa binti yake mbali. Na huyo ndiye aliyenusurika. Usukumani wapo bibi zetu wengi waliokatwa mapanga kwa maneno kama yale, na wanaosoma hapa kutoka Shinyanga, Mwanza na Simiyu wanajua nasema nini.

Ndoto haikukoma. Shangazi alikuwa mbali kwa siku nzima ya basi, na mimi bado nilikuwa naota vilevile.

Kwa hiyo wadau mnaomwambia mleta uzi aende akaoneshwe mtu wake, hiyo ndiyo inaitwa ramli chonganishi. Serikali iliipiga marufuku mwezi wa kwanza 2015, na Sheria ya Uchawi tuliyonayo, iliyoanzia 1928 enzi za Mwingereza, inamkamata hata yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Sisemi hivi kukutisha. Nasema kwa sababu ndoto yako itakwisha siku moja, ila jina likishatajwa kijijini halirudi.

Sasa nije kwenye kilichonisaidia.

Mwaka 2012 nilipata kazi ya ulinzi wa usiku kwenye kambi ya wageni upande wa Ndutu, kule kusini ambako Serengeti inapakana na Ngorongoro. Kazi ilikuwa kuwasindikiza wageni kutoka kwenye mahema kwenda kula na kuwarudisha, halafu kukesha na tochi. Fisi walikuwa wanapita karibu na jiko kila usiku. Nilikuwa nawasikia tu, au naona macho yakiwaka kwenye mwanga, basi. Mpaka usiku mmoja wa Februari 2014, msimu nyumbu wanazaa, kama saa tisa hivi. Mbalamwezi ilikuwa kali, sikuwa nimewasha tochi. Fisi mmoja akatokea kwenye mgunga, hatua kama ishirini kutoka niliposimama. Hakuniona, au hakujali.

Alisimama, akapanua miguu kidogo, halafu akainamisha kichwa. Alikishusha mpaka pua ikawa inakaribia majani. Mbavu zikajaa, tumbo likajivuta. Sauti ilianza chini sana, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa, ikakaa hapohapo chini kwa muda, ndipo ikapanda ghafla mwishoni. Uuuuu-wip. Akavuta pumzi, akarudia. Nilihesabu mara nane. Kisha akanyanyua kichwa, masikio mbele, akasubiri. Kutoka ng'ambo ya ziwa akajibiwa.

Mkuu, nilikaa chini. Miaka kumi na mitano nilikuwa nainua kichwa kama mbwa, na nalazimisha sauti ianzie juu. Nilikuwa fisi wa kufikirika, mwenye koo la binadamu mwenye haraka.

Kulikuwa na dereva mmoja pale, mwongoza watalii, mtu wa kusoma sana. Nilimuuliza kila kitu kuhusu fisi madoa na hakunichoka. Ule mwito unaweza kusikika hadi kilomita tano. Kila fisi ana sauti yake, na mama anaitambua ya mtoto wake hata kama hamwoni. Kile tunachoita kicheko si furaha hata kidogo: fisi anacheka akiwa anashambuliwa, anafukuzwa kwenye nyama au amebanwa na hofu. Ana sauti zaidi ya kumi, kuna ya kuita wenzake, kuna ya kunyenyekea, kuna ya mama kumwita mtoto atoke shimoni. Akanieleza hata kwa nini wazee walisema fisi anageuka, leo dume kesho jike. Jike wa fisi madoa ana maumbile ya nje yanayofanana kabisa na ya dume, na ni mkubwa na mwenye amri kuliko dume. Mtu akimwona huyo anazaa, atasema nini kama si kwamba kageuka? Wazee walikuwa wameona jambo la kweli, maelezo tu ndiyo yalipotea njia.

Nilianza kuwasikiliza kwa makini kila zamu. Mchana nikiwa peke yangu kwenye hema nilijaribu polepole: kidevu chini, pumzi itangulie, sauti ianzie tumboni. Ilichukua kama wiki mbili. Ndipo ndoto ikaja.

Ilikuja kama kawaida, mbalamwezi, kuinama, harufu. Wenzangu wakaita. Nikasikia kichwa kinataka kwenda juu kwa mazoea. Nikakumbuka, ndani ya ndoto ileile, kwamba si hivyo. Nikashusha uso mpaka nikasikia umande puani. Sikulazimisha. Sauti ilianza yenyewe, ndogo, chini, nikaiacha ikae, halafu ikapanda. Niliisikia ikienda juu ya maji. Wakajibu. Siwezi kukueleza vizuri kilichokuwa kifuani mwangu, ila ilikuwa kama jina langu kuitwa kwenye orodha baada ya kusubiri mpaka mwisho. Mwenzangu wa hema aliniamsha akaniambia nimeguna muda mrefu kama ng'ombe mgonjwa. Kwangu ilikuwa ni sauti nzima.

Kuhusu kwa nini koo linaziba, nilikuja kusoma baadaye. Ndoto kali zinakuja zaidi kwenye ule usingizi ambao macho yanacheza chini ya kope. Watafiti wa Chicago waliueleza 1953. Wakati huo ubongo uko macho karibu kama mchana, lakini mwili unafungwa: misuli ya mikono, miguu na shingo inalegezwa, inabaki ya macho na ya kupumua. Unafungwa ili usiinuke ukafanya unachoota. Mfaransa Michel Jouvet, kule Lyon, aliharibu sehemu ndogo ya ubongo wa paka inayohusika na kufunga huko. Wale paka wakawa wanainuka wamelala, wananyatia na kurukia panya ambao hawapo. Kwa hiyo unapokaza koo ndotoni na hakitoki kitu, mwili wako unafanya kazi yake. Jinamizi linalokukaba ukiwa nusu macho ni jambo hilohilo, mwili umechelewa kufunguliwa. Na vipindi hivyo vinakuwa virefu kuelekea alfajiri, ndiyo maana wengi mnasema ndoto hizi zinakuja karibu na kuamka.

Kukumbuka kwamba unaota ukiwa bado ndani ya ndoto nako si uchawi. Mwaka 1975 kule Hull, Uingereza, mtu aliyelala aliwapa ishara watafiti kwa kusogeza macho kama walivyokubaliana kabla hajalala.

Wapo waliotaja dua hapa, na ndugu zetu Waislamu wametaja kutema mate kushoto mara tatu na kugeukia ubavu wa pili. Mimi ni Mkristo, nasali kabla ya kulala, na ninayaheshimu yote hayo. Sala haimtaji jirani yako. Ila kama unarusha ngumi na mateke usingizini mpaka unamuumiza mwenzako kitandani, hapo nenda hospitali, umweleze daktari hivyohivyo, maana huo ni ugonjwa unaojulikana na una matibabu.

Kigugumizi changu hakijaisha, nisikudanganye. Lakini nikikwama siku hizi nashusha kidevu, naacha pumzi itangulie, neno naliingilia kwa chini. Baadaye nilikuta wataalamu wa usemi nao wanafundisha kuanza neno kwa ulaini badala ya kulisukuma. Mimi nilifundishwa na fisi.

Mwaka 2016 nilikwenda kwa shangazi. Nilimweleza ndoto yote, na kwamba nilijua na nikanyamaza. Alinisikiliza huku anasonga ugali. Akaniambia nimwoneshe hiyo sauti. Niliinama pale jikoni nikalia, kichwa chini, mara tatu. Kuku walitawanyika. Alikaa kimya na mwiko mkononi, kisha akasema, "Ndivyo walivyokuwa wanaita mtoni enzi za babu yako." Akanikaribisha kula.

Sasa turudi kwa chui wako. Umeandika unataka kunguruma. Chui halii kama simba. Sauti yake ni kavu, ya kukwaruza, kama fundi anayekata mbao kwa msumeno wa mkono, na inatoka pumzi ikienda na inaporudi, kwenda na kurudi. Tafuta mahali uisikie kweli, siyo ya kwenye filamu. Kisha uniambie mambo mawili: ukiwa chui ndotoni, pumzi unaibana au inatembea? Na kichwa unakuwa umekiweka wapi?